Kabla Mwili Haujamjua Mgeni

6 Februari

Mama Mkubwa mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa na cherehani haijakugomea tena. Sisi huku ni wazima. Mume wangu anakusalimia sana. Wanafunzi wake wamefungua muhula kwa kufeli jaribio la hesabu, wote isipokuwa wawili, na hao wawili anasema waliangaliziana. Mwambie mwanao, kaka yangu Redio, kwamba ile redio aliyonitengenezea inaongea vizuri, ila imechagua stesheni moja na haitaki kusikia habari ya nyingine. Imemfuata fundi wake.

Ningeweza kumtumia Redio ujumbe kwenye simu akusomee, lakini ulishasema maneno ya simu hayakai, na ukipigiwa unasikia nusu. Basi naandika, na mkono wangu umeanza kuzoea.

Uliniuliza kama bado nasomea uchungaji. Bado, Mama Mkubwa, na mshahara wanalipa. Ila wiki iliyopita tumefanya jambo ambalo nikikueleza utauliza nimekula nini. Hapa kwenye kituo cha utafiti tuna kondoo kumi na mmoja wenye mimba. Profesa, yule mama mfupi niliyekuambia anavaa saa mbili, amewadunga sindano wanakondoo wakiwa bado tumboni. Hakuwadunga mama zao, aliwadunga wao wenyewe, wengi wao wakiwa na urefu wa kidole changu. Anatazama kwenye kioo cha utrasaundi, sindano inapita kwenye ngozi ya mama, inapita mji wa mimba, inamfikia mtoto. Kazi yangu ni kumshika mama kichwa na kumnong'oneza asitikisike. Kuna mmoja nimempa jina la Mkaguzi, kwa sababu hakuna mtu anayeingia zizini bila kutazamwa na yeye kuanzia viatu hadi kofia. Yeye ana mapacha. Profesa alimdunga mmoja tu, mwenzake akamwacha, ili baadaye tuwalinganishe.

Ndani ya sindano kuna virusi vilivyong'olewa meno, haviwezi kuleta ugonjwa. Vimebebeshwa jeni ya binadamu, yaani yale maelekezo ambayo mwili unayafuata kutengeneza protini ya kugandisha damu. Ndiyo, hiyo hiyo unayoifikiria. Ile anayoikosa Redio.

Unakumbuka alipokuwa na miaka kumi na minne, dawa ikagoma? Daktari alikuambia kinga ya mwili wake imeanza kuipiga vita dawa. Mimi nilikuwa mdogo, nilidhani ni vita vya kweli, nikawa naweka sikio kifuani kwake nisikie. Sasa ndiyo naelewa. Mwili wa Redio haukuwahi kuiona protini ile tangu aumbwe. Ilipokuja kwa sindano, askari wa mwili wakaona mtu wasiyemjua, wakamfukuza. Lakini kiumbe kikiwa bado tumboni, askari hao bado wanafundishwa kazi. Kila wanachokikuta ndani wakati huo wanakihesabu kuwa cha nyumbani. Profesa anataka kujua kama protini ikianza kutengenezwa mapema hivyo, mwili utaikubali maisha yote.

Hebu niambie, Redio anaendeleaje kweli kweli?

Wako akupendaye,
Kiroboto

25 Februari

Kiroboto wangu,

Marahaba mwanangu, marahaba mara nyingi. Barua yako imenikuta na pini mdomoni, nikaisoma hivyo hivyo, ikabidi nizitoe pini nisije nikazimeza kwa mshangao.

Magoti ni yale yale. Yameamua kuzeeka kabla yangu. Cherehani nimeibadilisha mkanda, sasa inakimbia kuliko mimi. Nina sare za shule mia na ishirini za kumaliza, na mwalimu mkuu ameleta vipimo vya watoto ambao nina hakika hajawahi kuwaona. Kuna mmoja kiuno chake ni kikubwa kuliko urefu wake.

Habari ya kondoo nilimsomea Redio kwa sauti. Alikuwa anachomelea nyaya za spika ya mtu, akaacha chuma cha moto mezani mpaka kikaanza kuunguza kitambaa. Akasema, "Mama, mwambie afanye haraka wanidunge na mimi." Nikamwambia, "Wewe umeshazaliwa, baba. Umechelewa miaka thelathini na minane." Alicheka mpaka akajishika mbavu.

Hajambo. Anafanya kazi, anakula, anabishana na wateja. Usiwe na wasiwasi naye.

Ila huyo Profesa wako, amemuuliza Mkaguzi kama ameridhia? Nauliza tu. Mimi ningetaka kuulizwa.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie na mimi hesabu zilinishinda lakini suruali zangu zinakaa.

Mama yako Mkubwa

2 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimekawia, nisamehe. Tulikuwa na uzazi juu ya uzazi. Kwa siku tisa nimelala kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa zizi, na mume wangu alikuja mara moja kuniletea nguo, akakuta nimeshika mguu wa mwanakondoo, akasema atarudi nikiwa mtu.

Mkaguzi amejifungua salama. Aliyedungwa ni jike, ana madoa mawili ya kahawia mgongoni, tunamwita Madoa. Pacha wake ni dume, na tangu atoke hajafunga mdomo, tunamwita Kelele. Damu ya Madoa tumeipima na ndani yake kuna protini ya binadamu. Inatengenezwa na ini lake mwenyewe, Mama Mkubwa! Profesa alivua saa zote mbili akaziweka mezani, nikajua amefurahi.

Si wote waliofika. Kondoo mmoja mimba yake ilitoka siku tatu baada ya sindano. Na uliuliza kuhusu kuridhia. Nilimpelekea Profesa swali lako kama lilivyo. Akasema, "Hakuridhia. Ndiyo maana lazima tumtunze vizuri kuliko mtu aliyeridhia." Nikaona nikuandikie jibu lake.

Kuna swali dogo. Nilikuwa napanga upya sanduku la marehemu mama, nikakuta kadi yake ya kliniki ya wakati wa mimba yangu. Pale juu pameandikwa "mimba ya pili". Mimi najua ni mtoto wa pekee. Labda nesi alikosea. Wewe unakumbuka chochote?

Na mama, aliwahi kuwa na shida yoyote ya damu?

Sina sababu kubwa ya kuuliza. Nimeuliza tu.

Kiroboto

19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Najua umengoja. Ni zile sare. Mwalimu mkuu alirudisha thelathini, eti kola zinakwaruza. Nimezifumua moja moja.

Nimefurahi sana kwa Madoa. Kelele naye anafanana na mtu tunayemjua, sitamtaja.

Hiyo kadi usiitilie maanani. Manesi wa zamani walikuwa wanaandika huku wanapiga soga. Mimi kwenye kadi yangu waliniandika mwanamume. Mama yako alikuwa mzima, alikuwa na damu nzuri, alikuwa anacheka sana. Ndicho ninachokikumbuka.

Redio hajambo, anakusalimia. Anasema kuna joto.

Nimeandika kifupi kwa sababu mahali nilipokaa hapana meza.

Mama yako Mkubwa

30 Juni

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma pande zote mbili. Upande wa pili ni fomu ya wodi ya wanaume, yenye nafasi ya kuandika joto la mgonjwa asubuhi na jioni. Hapana meza kwa sababu ulikuwa kwenye benchi la hospitali, siyo?

Sikukasirikii. Nakujua. Ungeungua mguu ungesema soksi zina joto. Lakini tusifanyiane hivi. Basi mimi nitaanza kusema la kwangu, halafu na wewe utaniambia la kwako.

Nina mimba ya miezi sita. Nilijua tangu Machi. Sikukuambia kwa sababu kila nikimshika Mkaguzi kichwa kwa vipimo nilikuwa najihesabia: wewe ni dada wa mama, tumbo moja, na mwanao anao ugonjwa. Ugonjwa huu mama anaubeba bila kuumwa, halafu unamtokea mtoto wa kiume. Kama wewe umeubeba, huenda na mama aliubeba. Kama mama aliubeba, huenda na mimi. Nikasema nisimpe Mama Mkubwa mzigo mwingine, atakuwa anajilaumu. Nikanyamaza. Mume wangu anajua, na tangu ajue anaosha vyombo bila kuambiwa, jambo linalonitisha kuliko yote.

Wiki iliyopita wamenitazama kwa utrasaundi. Ni mtoto wa kiume.

Sasa naomba uniambie. "Mimba ya pili" ni nini? Na Redio ana nini?

Mwanao,
Kiroboto

8 Julai

Mwanangu, mama yangu, Kiroboto wangu,

Sijui nianze na kucheka au kulia, nimefanya vyote. Redio amenikuta jikoni nimekumbatia sufuria. Hongera. Hongera sana. Mkwe wangu aendelee na vyombo.

Nianze na kaka yako. Goti la kushoto lilivimba kwa ndani, damu ikajaa, siku ishirini na mbili tulikuwa wodini. Dawa ya kawaida mwili wake bado unaikataa kama zamani, wakampa ile nyingine inayogandisha damu kwa njia ya kuzunguka. Sasa yuko nyumbani na gongo. Ameliwekea taa, anasema ni la kisasa. Sikukuambia kwa sababu uko mbali na ungekuja mbio, na sasa naona ungekuja mbio ukiwa mjamzito, kwa hiyo kidogo nilikuwa na akili.

Hilo la kadi ndilo gumu. Nimevuta kiti karibu na dirisha, maana nataka kuona ninachoandika.

Nesi hakukosea. Kabla yako alizaliwa mtoto wa kiume. Kaka yako. Alikaa siku kumi na moja. Kitovu kilipodondoka kilitoka damu kidogo, tukafunga kitambaa, ikatoka tena, tukafunga tena. Ilikuwa kidogo kidogo mno, kama mtu aliyejikata na wembe. Siku ya kumi akawa hanyonyi, kichwa kimejaa, macho yanatazama upande mmoja. Siku ya kumi na moja mama yako aliniita nimshike kidogo ajimwagie maji, kwa sababu alikuwa hajaoga siku mbili. Nilimpokea. Aliporudi na maji yakimchuruzika shingoni, mtoto alikuwa ameshanyamaza mikononi mwangu, na mimi sikuwa najua ni saa ngapi amenyamaza.

Hayo si yote. Redio wakati ule alikuwa na miaka mitano. Alikuwa anapata madoa meusi mwilini kwa kuguswa tu, akianguka fizi zinatoka damu mpaka jioni. Mama yako akiwa mjamzito aliniuliza, "Dada, huyu mtoto ana nini?" Nikamwambia, "Ana ngozi laini tu." Nilijua si ngozi. Nilikuwa naogopa kumpeleka, naogopa kusikia. Ningempeleka mapema, madaktari wangejua, na kaka yako alipozaliwa wangemwangalia. Redio tulimpeleka alipotimiza miaka saba, ndipo tukaambiwa jina la ugonjwa. Nilirudi kwa mama yako, nikamwambia yote, nikasubiri anifukuze. Hakunifukuza. Wewe ulikuwa umeshazaliwa, umelala mgongoni kwake. Aliniambia, "Dada, usimwambie huyu. Sitaki akue akiliogopa tumbo lake mwenyewe." Nikamwahidi.

Ahadi hiyo nimeivunja leo. Mara ya kwanza nilinyamaza na mtoto akaenda. Sitanyamaza mara ya pili kwa ajili ya kuonekana dada mwema.

Nenda ukapime. Nenda kesho. Waambie yote niliyoandika, waambie kitovu, waambie siku kumi na moja.

Na sasa niulize mimi. Huyo Profesa amemdunga Madoa tumboni na Madoa ni mzima. Mtoto wako yuko tumboni. Hawawezi?

Mama yako Mkubwa

29 Julai

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya gunia la pumba, na nilipomaliza Kelele alikuwa amekula bahasha.

Sina la kukusamehe. Mama hakukufukuza, mimi ni nani nikufukuze? Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, peke yake na mtoto anayevuja damu, aliogopa. Basi. Nimelia kwa ajili ya huyo kaka yangu, nimelia kwa ajili yenu wote wawili na ndoo ya maji ya kuoga, halafu nikanawa uso nikaenda kupima. Majibu ya damu yangu bado. Bingwa wa damu amesema yakiambatana na damu yako na ya Redio yatakuwa na uhakika zaidi, kwa hiyo mtapigiwa na hospitali ya huko. Naomba muende.

Sasa swali lako. Nikuambie ukweli, nililiuliza kabla yako.

Mwezi huu tulikuwa tunawadunga wanakondoo protini ya binadamu kila wiki, ileile kama dawa ya Redio, tuone miili yao itafanya nini. Kelele, ambaye hakudungwa tumboni, katika wiki ya tatu damu yake ilikuwa imejaa kingamwili, yaani silaha za wale askari wa mwili. Amefanya kama Redio, ameikataa kabisa. Madoa hana hata moja. Tumepima mara nne. Wale wengine waliodungwa mapema tumboni ni hivyo hivyo, ila wawili waliodungwa mimba ikiwa imeshakua, miili yao imeikataa. Walichelewa. Profesa aliposoma majibu chumba kizima kilipiga makofi, na mimi nikatoka nje.

Vichupa vilivyobaki viko kwenye friji ya baridi kali mwisho wa korido. Ufunguo wake ninao mimi, uko pamoja na funguo za stoo ya majani. Nilisimama mbele ya mlango ule muda mrefu, Mama Mkubwa. Sikujua nikifungua nitafanya nini, nani atanidunga, wapi. Nilikuwa nimesimama tu na ufunguo.

Profesa alinikuta. Aliutazama ufunguo, akanitazama tumbo.

"Wa kiume?" akaniuliza.

"Wa kiume."

"Na kuna mgonjwa kwenu?"

Nikamweleza yote, mpaka siku kumi na moja. Hakunikatiza. Nikamwambia, "Profesa, kwa Madoa imekubali. Nimeona kwa macho yangu, nimeshika damu yenyewe. Mdunge wangu."

Akavuta ndoo akaigeuza, akakaa juu yake, akaniambia nikae kwenye kiti. "Kwanza umechelewa," akasema. "Una miezi saba. Askari wake wameshajua kazi. Umewaona wale wawili. Pili, kondoo kumi na mmoja, mmoja alipoteza mtoto. Ukiwa kondoo wangu nitasema kumi kati ya kumi na mmoja ni ushindi. Wewe si kondoo wangu. Tatu, sijui virusi hivi vikikaa ndani ya mtu miaka ishirini vitafanya nini. Sijui. Nikikudunga sitakuwa nakutibu, nitakuwa nakujaribu, na wewe uko kwenye hali ambayo ungekubali chochote."

Nikamwambia, "Kwa hiyo ninyi mnajua dawa na mimi niende nyumbani nikasubiri."

"Sijui dawa," akasema. "Najua kondoo." Halafu akanishika mkono, mkono wake ni mkavu kama gamba. "Lakini mtoto wako ana kitu ambacho kaka yako hakuwa nacho. Watu wanaomsubiri wakijua. Twende tukapange."

Akaniomba ufunguo. Nikampa. Sikuona aibu, niliona nimetuliwa gunia.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa bingwa wa damu na kwa mkunga mkuu.

Kiroboto

11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Tumekwenda, tumetoa. Redio alimwambia dada wa maabara, "Chukua taratibu, hii haina breki." Yule dada hakucheka, Redio akasononeka siku nzima. Baadaye nikamwambia mzaha wake ulikuwa mzuri ila dada hana masikio.

Huyo Profesa nimempenda. Nilipofika kwenye ufunguo nilisimama na barua mkononi nikasema kwa sauti, "Usifungue!" kama vile uko jikoni kwangu. Mimi ndiye niliyekutia wazo hilo, na kumbe ulikuwa umeshasimama mlangoni peke yako. Ningekuwa karibu ningekuja kusimama na wewe. Ningeuchukua ufunguo mimi mwenyewe, na ungenichukia kidogo, na sawa.

Redio aliposikia habari za Kelele aliacha kazi. Akasema, "Kwa hiyo si kosa langu." Nikamuuliza, "Nani alisema ni kosa lako?" Akasema hakuna, lakini tangu ana miaka kumi na minne alikuwa anadhani mwili wake una roho mbaya, umeletewa dawa ukaifukuza. Miaka yote hiyo, mwanangu, tunakula meza moja, na sikuwahi kujua.

Kula. Lala upande wa kushoto. Uniandikie hata mstari mmoja.

Mama yako Mkubwa

27 Oktoba

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Redio alikusomea ule ujumbe wa simu, kwa hiyo unajua amezaliwa na unajua tuko hai. Hayo mengine hayakuwa ya simu.

Kama ulivyoambiwa huko hospitali, damu zetu tatu zina kosa moja, herufi ileile ya jeni mahali palepale. Mimi naubeba ugonjwa, kama wewe, kama mama. Kwa hiyo nilipofika tarehe 3 Oktoba na chupa ya uzazi ikapasuka mapema asubuhi, kila mtu alikuwa anajua la kufanya. Ukutani juu ya kitanda changu walibandika karatasi kubwa: kichwa kisivutwe kwa kifaa chochote, mtoto asichomwe sindano ya msuli, damu ya kitovu ipimwe mara moja. Mkunga mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kocha, alimsomea karatasi hiyo kila aliyeingia, hata mfagizi. Uchungu ulichukua saa kumi na nne. Kulikuwa na daktari kijana aliyetaka kuharakisha kwa kifaa cha kuvuta, mkono wake ukafika kwenye trei. Mkunga akamwambia, "Soma ukutani." Akasoma, akarudisha mkono. Usingeniandikia barua ile ya Julai, ukutani pasingekuwa na kitu.

Alitoka mwenyewe. Kilo tatu na robo, nywele zimesimama.

Majibu ya kitovu yalirudi kabla sijamaliza kunywa uji. Anao, Mama Mkubwa. Anao kama Redio. Mume wangu alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti, sakafuni, na mwalimu wa hesabu akaniambia, "Ilikuwa nusu kwa nusu," kama anayelalamika kwa mtu aliyetunga mtihani. Kisha akasimama akaenda kumnawisha mtoto mikono, ambayo haikuwa michafu.

Kitovu kilidondoka siku ya nane. Kilitoka damu. Safari hii hatukufunga kitambaa, tulikuwa hospitalini ndani ya dakika ishirini, wakampa dawa kwenye mshipa, damu ikakoma. Siku ya kumi na moja sikulala mchana wala sikumweka chini. Nilimshika mpaka jua likazama, halafu ikawa siku ya kumi na mbili.

Sasa kama mwili wake utaikubali dawa au utaikataa kama wa mjomba wake, hakuna anayejua. Wengine wanaikubali, wengine hapana. Watampima kila mara. Kipimo cha kwanza hakina kingamwili, lakini ni cha kwanza tu. Bingwa wa damu amesema kitu kingine, mwambie Redio: hata wale ambao miili yao imeshaikataa wapo wanaozoeshwa. Wanapewa dawa ileile kila siku, miezi mingi, mpaka askari wanachoka kuikimbiza. Haiwafai wote, na kwa mtu mzima ni ngumu zaidi. Lakini nimemwandikia jina la daktari huko kwenu, lipo kwenye karatasi ya pili. Aende akaulize tu.

Madoa anakua. Protini kwenye damu yake imeshuka nusu kwa sababu mwili umekuwa mkubwa, basi Profesa alimdunga jeni mara ya pili mwezi wa tisa, na mwili wake haukupinga. Profesa amekuja kumwona mtoto. Alimtazama kama Mkaguzi, kuanzia miguu hadi nywele, akasema, "Huyu sasa ndiye bosi wangu." Kisha akarudi kazini.

Nimechoka lakini ni uchovu wa kawaida. Nakuhitaji. Sikuwahi kukuambia hivyo kwa sababu najua huwezi kumwacha Redio.

Kiroboto

9 Novemba

Kiroboto wangu,

Marahaba, mama mwenye mtoto.

Barua nimeisoma peke yangu kwanza, halafu nikamsomea Redio. Nilipofika mwisho, pale uliposema unanihitaji, nilitaka kuruka mstari, akagundua. Akaichukua karatasi akasoma mwenyewe. Akaondoka na gongo lake mpaka chumbani, nikasikia anavuta kitu uvunguni. Alirudi na sanduku langu la safari limejaa vumbi.

Nikamwambia, "Na wewe nani atakuchoma sindano?"

Akasema, "Mama, nina miaka thelathini na minane. Natengeneza redio ambazo waliozitengeneza wamekufa. Mshipa wangu mwenyewe utanishinda?" Akaniletea dawa na sindano, akakaa mbele yangu mezani, akajichoma huku ananitazama usoni. Mimi ndiye niliyefumba macho. Kumbe muuguzi wa wodini alikuwa amemfundisha Juni, na yeye alininyima habari kwa sababu alidhani nikijua sitakuwa na kazi. Na kwa huyo daktari wa kuzoesha ameshapata siku, wiki ijayo. Anasema kama Kelele hana roho mbaya, na yeye hana.

Basi nakuja. Nafika Jumanne mchana. Usije kunipokea, una mtoto, mtume mkwe wangu, na asinieleze hesabu njiani. Anwani yenu nimeiandika kwenye karatasi mbili, moja kwenye pochi na moja ndani ya kiatu. Nimeshona nguo ndogo kumi, mishono yote iko nje ili ndani pasimkwaruze. Nitakaa mpaka utakaponichoka, na usiponichoka nitakaa zaidi.

Nina jambo moja la kukuomba. Siku nikiingia, usiniambie nikae kwanza, usinipe maji, usiniulize safari. Nipe mtoto. Na kama amelala, mwamshe. Yule wa kwanza nilimshika akiwa amenyamaza. Huyu nataka nimpokee akilia.

Mama yako Mkubwa